Kima cha chini cha mshahara kikipanda, nani analipa na maskini gani anafikiwa?

Mizani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa kima cha chini unapoanza, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema mshahara ukipandishwa kwa sheria waajiri watapunguza watu, na kuna wanaosema anayepinga nyongeza hana huruma na maskini. Ubishi huo unaruka swali lenye manufaa: nyongeza ikipita, fedha inatoka mfukoni mwa nani, na kati ya wanaoipokea, maskini ni wangapi?

Niweke msimamo wangu wazi ili tusizungushane. Naunga mkono kima cha chini kipande, na kipande kwa kanuni inayojulikana mapema. Lakini inanikera serikali inapotangaza nyongeza ya mshahara kisha ikajihesabia kuwa imeshughulikia umaskini. Sheria ya mshahara inamfunga mwajiri asimlipe mtu chini ya kiwango, basi. Haimfikii mjane asiye na mwajiri, wala mkulima anayelima kipande chake mwenyewe, wala mgonjwa asiyeweza kazi, wala kijana anayezunguka kutwa kutafuta kibarua. Katika nchi nyingi hao ndio maskini wa chini kabisa.

Tukumbuke sheria hizi zilikotoka. New Zealand mwaka 1894 iliunda mahakama ya usuluhishi yenye uwezo wa kupanga mishahara. Jimbo la Victoria, Australia, likafuata mwaka 1896 kwa bodi za mishahara. Uingereza ikaunda bodi zake mwaka 1909, kwa sheria iliyopelekwa bungeni na Winston Churchill alipokuwa waziri wa biashara. Walengwa hawakuwa maskini wote wa nchi. Walikuwa wafanyakazi wa kazi za jasho, wengi wao wanawake, waliolipwa kwa kipande na ambao mwajiri aliweza kuwabana kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Tena angalieni kilichotokea Cradley Heath, Uingereza, mwaka 1910. Wanawake waliokuwa wakifua minyororo walipangiwa na bodi peni mbili na nusu kwa saa, ambayo kwa wengi ilikaribia mara mbili ya walichokuwa wakipata. Waajiri wakawaletea karatasi za kutia saini, zinazosema wamekubali kuendelea na malipo ya zamani kwa miezi sita. Wengi hawakujua kusoma. Wakagoma wiki kumi wakiongozwa na Mary Macarthur, na wakashinda. Kiwango kilikuwa tayari kimeandikwa kisheria, ila hakikuwafikia mpaka walipojipanga.

Kwa hiyo kwangu mimi kima cha chini ni sheria ya kupunguza nguvu ya mwajiri juu ya mtu asiye na chaguo. Kwa kazi hiyo ni sheria nzuri. Swali langu kwenu ni hili: tukishaipandisha, wale walio nje ya lango la kiwanda tunawafanyia nini, na kwa fedha za nani? Karibuni.

---

Mwenye Karakana

Mkuu Mizani, nakushukuru kwa kuanza bila matusi. Naandika kama mwajiri mdogo, na naomba nisisomwe kama adui.

Mnapotaja "mwajiri" mnawaza mtu mwenye jengo la ghorofa na magari. Waajiri wengi ni watu kama mimi, wanaolala wakiwaza mishahara ya mwisho wa mwezi kabla ya kuwaza faida. Kampuni kubwa ikipandishiwa mshahara ina njia nyingi: inanunua mashine, inawabana wanaoiuzia malighafi, inakopa benki kwa riba nafuu. Mimi nina njia tatu tu. Naongeza bei, na mteja anaweza kunikimbia. Napunguza saa za watu. Au naacha kuchukua wanafunzi wa kazi.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoniuma. Kijana asiyejua kazi, miezi ya mwanzo ananigharimu kuliko anavyoniingizia. Anaharibu vifaa, na fundi anaacha kazi yake amwelekeze. Nikilazimishwa kumlipa sawa na mtu anayejua, nitamchukua anayejua, na yule kijana atabaki barabarani. Hakuna takwimu itakayomwonyesha, kwa sababu hakufukuzwa. Hakuajiriwa tu.

Na bado mtasema sina huruma.

---

Takwimu Kwanza

Ndugu Mwenye Karakana, hoja yako ni nzito na imepimwa mara nyingi. Majibu hayafanani, na sababu za kutofautiana kwake zinatufundisha zaidi kuliko jibu lolote moja.

Mfano unaotajwa sana ni wa New Jersey, Marekani. Aprili 1992 jimbo hilo lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jimbo jirani la Pennsylvania likibaki palepale. David Card na Alan Krueger wakafuatilia migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, hayakuonyesha ajira kupungua New Jersey. David Neumark na William Wascher wakaurudia uchambuzi kwa kumbukumbu za malipo na kufikia hitimisho tofauti, na mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Card alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa utafiti wake wa masuala ya ajira. Krueger alikuwa ameshafariki.

Kwa nini ajira isipungue? Kwa sababu dhana kwamba mshahara unapangwa na soko lenye waajiri wengi wanaogombea wafanyakazi si kweli kila mahali. Joan Robinson alieleza mwaka 1933 hali ya soko lenye mnunuzi mmoja wa kazi, au wachache. Mwajiri wa namna hiyo huajiri watu pungufu kwa makusudi, kwa sababu akitaka kuongeza mmoja inambidi apandishe mshahara wa wote. Sheria ikimwekea kiwango, sababu ya kujizuia inaondoka, na anaweza kuajiri zaidi huku akilipa zaidi. Faida yake ndiyo inayopungua.

Lakini ukivuka kiwango fulani, hali inageuka. Puerto Rico mwaka 1938 iliingizwa kwenye sheria mpya ya Marekani ya senti 25 kwa saa, wakati mishahara ya kisiwa ilikuwa chini sana ya hapo. Kazi ya kudarizi iliyowalisha wanawake wengi ikaporomoka, na mwaka 1940 Bunge la Marekani likalazimika kuruhusu viwango vya chini zaidi kwa kisiwa hicho. Samoa ya Marekani nayo ilipangiwa mwaka 2007 nyongeza za senti 50 kila mwaka. Kiwanda kimoja cha kusindika jodari kikafungwa mwaka 2009, na nyongeza zilizofuata zikaahirishwa.

Tofauti iko wapi? New Jersey migahawa inauza kwa wateja waliopo hapohapo, na wapinzani wake wa kibiashara wamepandishiwa mshahara siku hiyohiyo. Jodari wa kopo anauzwa dunia nzima, na kiwanda kinaweza kuhama.

Hungary inaonyesha jambo hili wazi kuliko kwingine. Kima cha chini kilitoka forinti 25,500 kwa mwezi hadi 40,000 mwaka 2001, kisha 50,000 mwaka 2002. Watafiti Péter Harasztosi na Attila Lindner, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, walikuta ajira zilizopotea ni chache, na kwamba takriban robo tatu ya gharama ililipwa na wateja kwa njia ya bei, robo ikalipwa na wenye kampuni. Waliopoteza kazi zaidi walikuwa katika biashara zinazoshindana na bidhaa za nje.

Hilo ndilo jibu la swali la Mizani kuhusu nani analipa. Mara nyingi analipa mteja. Na mteja naye anaweza kuwa maskini.

---

Mama Zamu

Nimewasoma wote kwa makini. Naomba kuongea kama mtu anayelipwa kima cha chini, maana hapa tunajadiliwa sana na kusikilizwa kidogo.

Kaka Mwenye Karakana, sikuhesabu kuwa adui. Lakini umetaja kupunguza saa kana kwamba ni jambo jepesi kuliko kufukuza. Mfanyakazi anayelipwa kwa saa hawezi kupanga maisha kama hajui wiki ijayo atapewa zamu ngapi. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mshahara kwa saa ulikuwa halali kabisa kisheria. Ila tuliambiwa tufike kabla ya saa kuanza kuhesabiwa, tubaki kufunga hesabu baada ya saa kwisha, na sare tulikatwa kwenye malipo. Ukijumlisha vyote, tulikuwa chini ya kiwango na karatasi inasema tuko juu yake.

Kwa hiyo serikali inapotangaza namba mpya, mimi siiulizi namba kwanza. Nauliza: mkaguzi atakuja? Atakuja bila kumpigia simu meneja? Atazungumza na sisi peke yetu, au meneja akiwa amesimama pembeni? Na nikisema ukweli, kesho nitakuwa na kazi?

Jambo jingine. Mnapima nyongeza kwa kuuliza wangapi wamevuka mstari wa umaskini. Mimi nyongeza iliponifikia sikuvuka mstari wowote. Nilichopata ni kuacha kukopa kwa mtu anayenitukana. Hilo halipo kwenye jedwali lenu, na kwangu lilikuwa kubwa.

---

Kibarua Huru

Dada Mama Zamu, una haki ya kulalamika, lakini angalau una karatasi inayosema uongo. Mimi sina karatasi yoyote.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu mwaka 2018: watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wanaofanya kazi duniani, wako katika ajira isiyo rasmi. Sisi ndio wengi. Leo nabeba mizigo, kesho nachimba msingi, keshokutwa sina kitu. Bosi wangu wa leo simjui jina. Mkipandisha kima cha chini mara mbili au mara kumi, kwangu ni taarifa ya habari tu.

Na wale ambao Mwenye Karakana ataacha kuwaajiri watakuja huku kwetu. Tukiwa wengi zaidi tunaogombea mizigo ileile, malipo yetu yanashuka. Nani amelipia nyongeza hapo? Mimi.

---

Takwimu Kwanza

Ndugu Kibarua Huru, hofu yako ina msingi, na nadharia ya zamani ya uchumi inasema hivyohivyo. Ila nchini Brazili watafiti waliona pia jambo la kinyume. Kima cha chini kilipopanda, malipo ya wengi walioko kwenye ajira isiyo rasmi nayo yalijongea kufuata namba ile, ingawa hakuna sheria iliyowalinda. Wabrazili wanauita mwanga wa mnara wa bahari: namba ya serikali inakuwa kipimo cha haki hata kwa asiyefikiwa na sheria. Kibarua anaijua, na anayemlipa anaijua.

Tena katiba ya Brazili ya mwaka 1988 ilifunga pensheni ya chini kabisa kwenye kima cha chini. Mshahara ukipanda, bibi kizee asiye na mwajiri naye anapanda. Hiyo ni njia moja ya kuwafikia walio nje ya lango. Gharama yake ni kwamba kila nyongeza inaugusa mfuko wa serikali moja kwa moja, na wizara ya fedha inaanza kuiogopa nyongeza hata pale ambapo waajiri wangeimudu.

---

Fedha Mkononi

Naomba nitofautiane na karibu wote humu.

Kama lengo ni kusaidia maskini, kwa nini tunapitia kwa mwajiri? Umaskini ni ukosefu wa kipato katika kaya. Mshahara kwa saa ni kitu kingine kabisa. Kijana wa familia yenye uwezo anayefanya kazi za likizo anapata nyongeza ileile anayopata mama mwenye watoto wanne. Mwaka 2019 Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kupandisha kima cha chini hadi dola 15 ifikapo 2025 kungewaongezea kipato moja kwa moja watu milioni 17 na kuwatoa kwenye umaskini watu milioni 1.3. Kwa kadirio lao la kati, kazi zilizopotea nazo zingekuwa milioni 1.3. Watu milioni 17 waguswe, milioni 1.3 ndio watoke kwenye umaskini. Hayo ni mabadiliko makubwa ya mishahara na ni msaada mdogo kwa maskini.

Milton Friedman alipendekeza mwaka 1962 kodi inayorudi nyuma: ukipata chini ya kiwango fulani, serikali inakujazia badala ya kukukata. Marekani ilianzisha sura yake ya jambo hilo mwaka 1975, nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo wanaofanya kazi. Mexico mwaka 1997 ikaanza kuwapa fedha akina mama wa vijijini kwa masharti kwamba watoto waende shule na kliniki, na ikaupima mpango huo kwa kulinganisha vijiji 320 vilivyoanza mapema na 186 vilivyosubiri. Watoto walibaki shuleni zaidi. Brazili ikaunganisha mipango yake mwaka 2003.

Na kwa wanaosema fedha za bure zitapandisha bei: magharibi mwa Kenya kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia masoko ya eneo zima. Bei hazikupanda hata kwa asilimia moja. Biashara za jirani, za watu ambao hawakupewa chochote, zilinufaika kwa sababu majirani walikuwa na cha kununulia.

Ndugu Kibarua Huru, hiyo ingekufikia. Mjane wa Mizani ingemfikia. Mwenye Karakana angebaki na wanafunzi wake. Acheni mishahara ijipange, toeni fedha.

---

Mizani

Mkuu Fedha Mkononi, sehemu kubwa ya uliyoandika naikubali kwa moyo wote, na ndiyo maana nilianzisha uzi huu. Ninapokukatalia ni hapo mwishoni, "acheni mishahara ijipange". Nitakaa hapo kidogo.

Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, Uingereza, walikutana Speenhamland. Mkate ulikuwa umepanda bei na vibarua wa mashambani wana njaa. Walikuwa na pendekezo la kupanga mshahara wa chini. Wakaliacha, wakaamua badala yake parokia, yaani mamlaka ya eneo iliyotoza kodi ya kuwasaidia maskini, iwajazie watu kipato kulingana na bei ya mkate na ukubwa wa familia. Lilikuwa jambo la huruma. Lakini tume iliyoandaa sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834 ililaumu mpango huo kwa kuwafanya wakulima wakubwa walipe mishahara duni wakijua parokia itajazia. Wanahistoria wamebishana sana kama lawama hizo zilikuwa za haki, na wengi wanaona tume ilizitia chumvi ili kuhalalisha sheria katili. Hata hivyo mlango wenyewe upo. Serikali ikiahidi kujazia chochote kinachopungua, na hakuna kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake, sehemu ya msaada itaishia kwa mwajiri. Mlipakodi atakuwa analipa mshahara ambao mwenye kampuni angepaswa kuulipa.

Ndiyo maana nataka vyote viwili. Ruzuku kwa kaya inamfikia Kibarua Huru, na kima cha chini kinazuia ruzuku ya Mama Zamu isiishie kwa mwajiri wake. Uingereza ilifanya karibu hivyo mwaka 1999: Aprili ikaanza kima cha chini cha taifa cha pauni 3.60 kwa saa, na Oktoba ikaongeza nafuu za kodi kwa familia zenye wazazi wanaofanya kazi.

Tena ruzuku ina udhaifu ambao mshahara hauna. Inategemea bajeti ya kila mwaka. Serikali inayobadilika inaweza kuifuta kwa kalamu moja, na mpokeaji anabaki akiomba. Mama Zamu ametuambia alichopata: kutotukanwa. Usiseme hilo ni dogo.

Kuhusu mteja maskini anayelipia nyongeza kwenye bei, Takwimu Kwanza amegusa jambo ambalo watetezi wa nyongeza huliruka. Kima cha chini kinachoishia kwenye bei kinafanya kazi kama kodi ya mauzo juu ya bidhaa ambazo wafanyakazi wa kipato cha chini wanazitengeneza au kuzihudumia. Kama wanunuzi wake ni matajiri, vizuri. Kama wanunuzi ni maskini wenzao, maskini mmoja amempa maskini mwingine. Ruzuku inayotokana na kodi ya mapato yenye kupanda kadiri kipato kinavyopanda inamfikia mwenye nacho moja kwa moja. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayonifanya nikatae kima cha chini kibebe mzigo wote peke yake. Wenye mali wengi hawaajiri mtu yeyote kwa kima cha chini. Tukiachia waajiri wadogo na wateja wao kazi ya kuondoa umaskini, wenye ardhi kubwa, wenye hisa na wapangishaji wa majumba wanapita pembeni bila kuguswa.

---

Mwenye Karakana

Hapo Mizani umenigusa. Siku zote nimeona mimi ninatozwa huruma ya taifa zima.

Basi niseme ninachoweza kukikubali. Nyongeza itangazwe mapema, angalau mwaka mzima kabla, ili mikataba ninayoingia na wateja iwe na bei mpya. Ije kidogokidogo. Kukaa miaka saba bila nyongeza halafu kuruka ghafla kunaniua mimi na hakumsaidii mfanyakazi aliyesubiri miaka saba. Wanafunzi wa kazi wawe na kiwango chao, kwa muda wenye mwisho, na awepo mtu wa kuthibitisha kwamba kweli wanafundishwa. Na mkaguzi asiishie kwangu kwa sababu mlango wangu uko barabarani na wazi. Aende pia kwa yule anayeajiri usiku nyuma ya ukuta na kuniibia wateja kwa bei ya chini. Mimi nikilipa na yeye halipi, sheria imenifilisi mtii na kumtajirisha mvunjaji.

---

Mama Zamu

Kaka, kiwango cha wanafunzi kiwe na mwisho kweli. Nimewaona watu wanaitwa "wanafunzi" mwaka wa tatu wakiwa ndio wanaofundisha wengine.

Hiyo ya ukaguzi nakuunga mkono. Naongeza: chama cha wafanyakazi kiruhusiwe kupeleka malalamiko kwa niaba yetu bila kutaja jina la mtu. Mkaguzi anakuja mara moja kwa muda mrefu, sisi tupo kila siku.

---

Kibarua Huru

Fedha kwa kaya nakubali. Ila msiifunge na masharti ya makaratasi ambayo sisi hatuna. Mtu asiye na anwani, asiye na mwajiri, asiye na akaunti ndiye mnayesema mnamtafuta, na fomu ya kwanza mtakayompa itamuuliza vitu hivyo vitatu.

---

Takwimu Kwanza

Niongeze jambo moja la kiufundi kabla mleta uzi hajajibu, kwa sababu limewahi kuua nyongeza katika nchi nzima.

Mexico kwa miongo mingi iliacha kima cha chini kiliwe na mfumuko wa bei mpaka kikapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Sababu moja ilikuwa kwamba faini, mikopo ya nyumba na malipo mengine ya serikali yalihesabiwa kwa idadi ya mishahara ya chini. Ukipandisha mshahara, unapandisha pia deni la nyumba la mtu yuleyule. Mwaka 2016 walitenganisha, wakaunda kipimo kingine cha faini na mikopo. Baada ya hapo ndipo nafasi ilipopatikana: Januari 2019 kima cha chini kilipandishwa asilimia 16, na katika ukanda wa mpaka wa kaskazini kikaongezwa mara mbili, hadi peso 176.72 kwa siku.

Marekani ina ugonjwa mwingine. Kiwango cha shirikisho kimekaa dola 7.25 tangu Julai 2009 kwa sababu hakina kanuni ya kupanda, kila nyongeza inahitaji kura ya Bunge. Wafanyakazi wanaotegemea bakshishi wana kiwango chao cha dola 2.13, ambacho hakijaguswa tangu 1991.

Wenzetu wanaoandika kwamba "kima cha chini hakisaidii" waangalie kwanza kama kimewahi kupandishwa.

---

Mizani

Nimeulizwa mara kadhaa kwa ujumbe wa pembeni: sawa, kiwe kiasi gani?

Siwezi kutaja namba moja kwa nchi zote, na anayeitaja simwamini. Ninachopendekeza ni kipimo: kilinganishwe na mshahara wa mtu aliye katikati, yaani nusu ya wafanyakazi wako juu yake na nusu chini yake. Uingereza iliweka lengo la theluthi mbili ya mshahara huo na ikalifikia mwaka 2024, lakini ilichukua miaka 25 kutoka pale pa kuanzia. Nchi yenye maeneo maskini sana isipime kwa mshahara wa mji mkuu. Ipime kwa eneo lenye mishahara duni kuliko yote, la sivyo yaliyoikuta Puerto Rico yataikuta. Nchi ambayo wafanyakazi wake wengi hawana mkataba ianze chini zaidi, ipande polepole, na ipeleke nguvu kubwa ya bajeti kwenye fedha kwa kaya.

Anayependekeza namba asiwe mwanasiasa peke yake. Tume ya Uingereza ina watu tisa: watatu wenye uzoefu wa upande wa wafanyakazi, watatu wa waajiri, watatu wa kujitegemea. Wanakaa na takwimu kila mwaka, wanatoa pendekezo hadharani, na serikali inayolikataa inabidi ijieleze. Ningeongeza kiti cha kumi kwa mtu anayewasemea walio nje ya ajira rasmi. Kibarua Huru ametuonyesha humu kwamba nyongeza ya wengine inaweza kumshusha yeye, na hakuna hata mmoja kati ya wale tisa ambaye kazi yake ni kuuliza hilo.

Kuhusu fomu, ndugu Kibarua Huru, nakubaliana nawe kabisa. Uandikishaji ufanyike kwa kwenda nyumba kwa nyumba, majina yabandikwe hadharani ili majirani waseme nani ameachwa, na rufaa isikilizwe palepale mtaani. Mwenye uzoefu wa kazi ya uandikishaji wa namna hiyo aandike hapa chini jinsi walivyowapata wasio na anwani, maana sehemu hiyo bado hatujaijadili vya kutosha.